Mkufunzi wa Wanaomdai

Wiki jana tulimwacha Mwalimu Isdory mlangoni mwa ukumbi pale Kilindoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, chaki mkononi, na jasho limeshaanza kumtoka kabla semina haijafunguliwa. Alikuwa ametupa jicho mstari wa mbele, akaona sura alizozikwepa mwaka mzima zimekaa pamoja, zimeoga, zimevaa vizuri, zinamngoja.

Wengi mmenisimamisha njiani kuniuliza: alikimbia? Hakukimbia. Hiki ni kisiwa, ndugu zangu. Ukikimbia sana unafika ufukweni, unageuka, unarudi.

Na wewe uliyepanda safari hii katikati, usikae gizani. Mwalimu Isdory anafundisha masomo ya biashara katika sekondari moja ya hapa Mafia. Mtaji, faida, hasara, mizania, vyote anavijua, na darasani hana mpinzani. Nje ya darasa anadaiwa na karibu kila mwenye mlango unaofunguliwa asubuhi.

Aliyemponza ni papa potwe. Isdory aliona wageni wanavyolipa dola kwenda kuogelea na samaki yule mkubwa mpole, akapiga hesabu, akanunua nusu ya boti ya watalii kutoka kwa bwana mmoja wa Utende. Akaiandika ubavuni UHURU WA KIFEDHA. Rangi ilipokauka msimu ulikuwa umekwisha, samaki kaenda zake, na wageni wamemfuata. Yule bwana wa Utende hakumwambia kitu. Isdory mwenyewe hakuuliza, maana alikuwa na shahada.

Fedha ya boti alikopa kwa Bi Biubwa. Bi Biubwa hali riba, Mungu apishe mbali. Yeye hupokea shukrani tu, asilimia thelathini kwa mwezi. Na ili mtu asisahau kushukuru, sharti amwachie Bi Biubwa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, Bi Biubwa hutangulia mashineni, akatoa chake, akamletea mwalimu chenji. Huduma ya benki ya kwenye simu aliifuta Isdory mwenyewe mbele yake, hilo likiwa sharti la pili.

Hayo yote mkewe hakuyajua. Na kuna baya zaidi. Mama Victoria, yaani Laurencia, alipokwenda Muleba kumwuguza mama yake, Isdory aliibeba cherehani ya mkewe ya umeme, ile ya kudarizi, iliyonunuliwa kwa kiinua mgongo cha marehemu baba yake, akaiweka rehani kwa Bi Biubwa huyo huyo ili amalizie fedha ya injini.

Leo Laurencia anarudi. Boti ya kutoka Nyamisati inaingia mchana. Malipo ya mkufunzi wa semina ni laki tano, na cherehani inakombolewa kwa laki nne na nusu. Semina ikiisha saa sita, cherehani itakuwa mezani pake kabla mwenyewe hajakanyaga gati. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya mwalimu, na safari hii, aliapa, hesabu ilikuwa sawa.

Basi akapiga moyo konde, akaingia.

"Karibu, mwalimu," alisema Careen, binti wa mradi ulioandaa semina, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na bango lililoandikwa KUJIKWAMUA NA MADENI. "Washiriki wana mwamko wa ajabu. Huyu mzee alifika hata milango haijafunguliwa."

Mzee mwenyewe alikuwa Mzee Shaabani mwenye duka la vyakula. Isdory anakula mchele wake tangu mwaka juzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Afya?"

"Nzuri, mzee."

"Naiona. Umenawiri."

Pembeni yake alikaa Bi Mwanamkuu, mpishi wa supu ya pweza na chapati. Akafuata Taufiki, kijana wa bodaboda, kofia ngumu mapajani. Mwishoni kabisa, buibui jipya, mkoba umewekwa magotini na mikono miwili imeufunika, alikaa Bi Biubwa. Ndani ya mkoba ule, Isdory alijua, ilikuwamo kadi yake.

"Anza, mwalimu," alisema Bi Biubwa kwa sauti ya upole. "Tumekuja kujifunza."

Isdory aliandika ubaoni: DENI NI NINI. Hati ilipinda. Alitazama dari, alitazama dirisha, mahali popote pasipo na mstari wa mbele.

"Nani atatueleza?" akauliza.

Bi Mwanamkuu aliinua mkono. Laki tano, cherehani, ndoa, vyote Isdory aliviona vinaondoka.

"Mimi sina maelezo," alisema Bi Mwanamkuu. "Nina mfano. Kwa mfano, mwalimu, na huu ni mfano tu. Pana mtu anakuja kwangu kila asubuhi. Anakunywa supu bakuli na nusu, anakula chapati mbili, anajipangusa mdomo, anasema mama, nitakuona mwisho wa mwezi. Mtu huyo tumweke fungu gani?"

"Mtu huyo," alisema Isdory, "inategemea nia yake."

"Nia anayo. Anamaliza mpaka mchuzi."

Ukumbi ulicheka. Careen naye alicheka, akaandika kwenye simu yake. "Mfano mzuri sana. Huu ni uhalisia kabisa."

"Na mimi nina mfano," alisema Taufiki. "Pana abiria nampeleka Utende kila Jumamosi kukagua boti. Boti haijawahi kwenda popote. Kila Jumamosi ananiambia Taufiki, tutahesabu zote pamoja."

"Huyo naye mpaka leo hajalipa?" aliuliza Careen.

"Yuko vilevile, dada. Hajambo kabisa."

Mzee Shaabani alikohoa. "Kwa mfano mchele," alisema, akanyamaza, akaona inatosha.

Hapo Isdory alielewa, na nusura acheke kwa sauti. Hawakuwa na nia ya kumtaja. Watu wa hapa wana adabu yao, na mkazi yeyote atakwambia: aibu ya mwenyeji haitolewi mbele ya mgeni. Careen alikuwa mgeni. Maadamu amekaa pale na bango lake, Isdory angebaki kuwa mfano tu, na mfano haukabwi koo.

Adabu hiyo ingemtosha mtu mwenye akili kumaliza semina kimya kimya, akachukua posho yake na kwenda zake. Lakini mwalimu wetu hakuishia hapo. Alidhani anaogopwa. Kichwa kikaanza kuvimba.

"Washiriki," alisema, sasa kwa sauti ya darasani, "tusimlaumu huyu mtu wa kwenye mifano. Pengine amewekeza. Pengine ana maono. Tatizo letu tunawaandama wawekezaji kwa vijisenti vya supu."

Bi Mwanamkuu alirekebisha ushungi wake.

"Mdai mwerevu," aliendelea Isdory, "hamsumbui mdaiwa. Anampa nafasi apumue. Hata kusamehe ni mtaji."

"Kusamehe?" alisema Mzee Shaabani.

"Kwa mfano, mzee."

Wadai walitazamana. Careen aliinua kalamu. "Mwalimu, hapo sijakuelewa vizuri. Mdai naye si ana mahitaji? Kwa mfano mzee hapa, asipolipwa, anafanyaje?"

"Nakopa," alisema Mzee Shaabani.

"Kwa nani?"

Mzee Shaabani alitazama upande wa mkoba. "Kwa mtu mwema mmoja. Hali riba."

Isdory aliona mwanya. Huu ndio ugonjwa wa walimu, wakiona ubao mtupu hawajiwezi. Alifuta kila kitu, akachora duara ndogondogo. "Hili ni somo zuri kuliko yote," alisema. "Nitawaonyesha kwamba madeni ya mji yanazunguka. Huyu anamdai yule, yule anamdai huyu, ukifuata mishale mpaka mwisho unakuta kila mtu anadai na kudaiwa sawasawa. Yanajifuta yenyewe. Tuanze. Mzee anadaiwa na mtu mwema kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sikulipwa mchele."

"Na nani?"

"Na mtu wa mfano."

Isdory alichora mshale. "Bi Mwanamkuu?"

"Nadaiwa unga na Mzee Shaabani. Kwa sababu sikulipwa supu."

"Na nani?"

"Si huyo huyo wa mfano."

Mshale mwingine. Taufiki anadaiwa na tajiri wa pikipiki, kwa sababu ya Jumamosi za Utende. Mshale. Wa nyuma nao wakachangamka. Fundi seremala alisema ana mfano wa kitanda. Mwuza vocha akasema ana mfano wa vocha. Isdory alichora mpaka chaki ikabaki kipande, akingoja mishale ianze kuzunguka kama alivyosoma chuoni.

Haikuzunguka. Yote ilikwenda kwenye duara moja katikati ya ubao, ikajikusanya pale, na kutoka pale hapakuwa na mshale hata mmoja uliokwenda kwa mtu, isipokuwa mmoja mnene, alioujichorea mwenyewe bila kufikiri, uliokwenda kwa mtu mwema asiyekula riba.

Careen alisogea ubaoni. Aliifuata mishale kwa kalamu mpaka katikati. "Kwa hiyo, mwalimu, matatizo ya mji mzima yanatoka kwa huyu mtu mmoja."

"Kwa mfano," alisema Isdory. Sauti ilikuwa imepungua.

"Basi tumsaidie," alisema Careen. "Tufanye kazi ya vikundi. Ninyi ndio mnaomfahamu. Afanye nini ili atoke?"

Hawakuhitaji vikundi. Ushauri ulikuwa tayari, ulikuwa umeiva mwaka mzima.

"Auze boti," alisema Taufiki.

"Boti ni mtaji," alisema Isdory haraka.

"Boti iko chini ya minazi, mwalimu. Kuku wanataga ndani."

Hilo lilimwuma. Msicheke sana; lilimwuma kweli. Alikuwa ameipenda boti ile, alikuwa amejiona amesimama usukani kavaa miwani, na mwalimu mkuu anamwangalia kutoka ufukweni.

"Apunguze bakuli," alisema Bi Mwanamkuu. "Na akae mezani na mkewe amweleze. Asimfiche. Mwanamke akijua deni anajipanga. Akifichwa, siku ya kujua hatalilia fedha."

Isdory aligeukia ubao, akajifanya anatafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake.

"Kwa mfano," aliongeza Bi Mwanamkuu.

"Mimi nina swali," alisema Bi Biubwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu semina ianze, na wote waligeuka. "Mtu huyu akipata fedha kidogo, na wadai ni wengi, amlipe nani kwanza? Hapo sheria ya biashara inasemaje?"

Isdory alifikiri kwa kasi. Akisema deni kubwa, atajifunga kwa Bi Biubwa. Akisema dogo, Bi Mwanamkuu atamkamata mlangoni. Akatazama mstari wa mbele, akaona mpole kuliko wote ni Mzee Shaabani, na mchele wa Mzee Shaabani ulianza zamani kuliko supu. Mzee hata akiambiwa kesho hukubali.

"Deni la zamani," alisema kwa msisitizo. "Deni la zamani ndilo la kwanza kulipwa. Hiyo ni kanuni."

"La zamani," alirudia Bi Biubwa. "Ahsante, mwalimu. Nimelishika."

Chai ililetwa na vitumbua. Watu walikula. Careen alipanda mbele kufunga, amefurahi mpaka macho yanang'aa.

"Nimezunguka na semina hii pwani yote," alisema, "sijapata ushiriki kama wenu. Mwalimu Isdory, tunakupongeza. Na sisi hatupendi kumchelewesha mkufunzi. Siku hizi mradi haulipi mkononi. Malipo yako tumeyaingiza benki, kwenye ile akaunti uliyotupa. Yamefika tangu asubuhi."

Watu walipiga makofi. Isdory naye alipiga, mara mbili, kisha mikono ikamgandia hewani.

Ile akaunti. Walipomwomba namba aliitaja kwa fahari, akidhani ni ya kuweka kumbukumbu tu. Leo Jumamosi, madirisha ya benki yamefungwa. Iliyobaki wazi ni mashine, na mashine haijui sura ya mtu wala shida zake. Inajua kadi.

Aligeuza shingo taratibu kutazama mwisho wa mstari wa mbele. Bi Biubwa alikuwa ameshasimama.

"Naomba udhuru, dada yangu," alimwambia Careen, akiweka mkoba kwapani. "Nimeacha maharage jikoni."

Alitoka kwa mwendo wa staha. Nyumbani kwake ni kushoto. Alikata kulia.

Isdory alitaka kumkimbilia, lakini Careen alikuwa amemshika mkono anamshukuru, kisha akataka picha, kisha akataka picha nyingine na bango. Wadai walijipanga pande zote mbili za mwalimu, wakatabasamu. Picha hiyo ipo, na mtu asiyewajua angesema ni ndugu.

Alipojinasua alikuta Taufiki nje, amekaa juu ya pikipiki.

"Taufiki, mdogo wangu, benki. Upesi."

"Kwa mfano nikikupeleka," alisema Taufiki, "hii tunaihesabu na zile?"

"Taufiki, mgeni hayupo hapa."

"Ndiyo maana nauliza."

Isdory alivua saa yake, akampa. Saa ilikuwa imesimama tangu Pasaka lakini Taufiki hakuiangalia. Pikipiki iliondoka.

Walipofika, Bi Biubwa alikuwa anatoka kwenye kibanda cha mashine, anafunga zipu ya mkoba. Alimwona mwalimu, akasimama kivulini, akamngoja kama mtu mwenye adabu anavyomngoja mwenzake.

"Bi Biubwa," alisema Isdory, anahema. "Fedha hiyo ilikuwa ya cherehani."

"Ipi?"

"Hiyo uliyotoa sasa hivi. Laki tano. Ilikuwa nikuletee mwenyewe, unipe cherehani."

"Lakini hii nimeitoa kwa kadi, mwalimu. Nimeifuta shukrani ya kadi. Miezi miwili nilichukua pungufu ya haki yangu, nikanyamaza kwa kukustahi. Cherehani ni jambo jingine, na ipo salama. Nimeifunika kanga isiingie vumbi."

"Chukua hiyo iwe ya cherehani. Ya kadi nitalipa mshahara ukitoka. Nakuomba, mama yangu. Mama Victoria anafika leo."

Bi Biubwa alimtazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo ugumu wa mwanamke huyu ulipo.

"Mwalimu," alisema, "kadi ulinipa mwaka jana. Cherehani umeniletea juzi juzi. Si umetufundisha mwenyewe, mbele ya mgeni, kwamba la zamani ndilo la kwanza? Nisingependa kuonekana sikusikiliza."

Alifungua mkoba, akatoa noti moja, akamwekea kiganjani. "Chenji yako."

Isdory alibaki ameshika elfu mbili. Masomo yote ya chuo, hapakuwa na moja lililomfaa. Alijiona mjinga, na kwa mara ya kwanza tangu anunue nusu ya boti hakujitetea hata moyoni.

Upande wa gati ikalia honi.

"Boti hiyo," alisema Taufiki.

Walishuka gatini. Isdory alikuwa amekwisha kuandaa uongo wa njiani: cherehani iko kwa fundi, waya uliungua. Ulikuwa uongo mzuri, wenye waya na fundi na tarehe ya kurudishwa. Ungempa wiki nzima.

Abiria walianza kuteremka na magunia, ndoo, makreti ya soda. Laurencia alitokea kati yao, kapungua kidogo, begi begani, mkononi kopo la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao. Isdory alipomwona alisahau uongo kwa muda. Alikuwa amemkumbuka kuliko alivyojua.

"Karibu, Mama Victoria. Pole na safari. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea, ashukuriwe Mungu. Amekutumia senene." Alimtazama usoni. "Umekonda, Baba Victoria."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kusema hivyo. Isdory alicheka kidogo, akapokea begi.

"Ngoja," alisema Laurencia, akishusha sauti. "Nina neno, na nalisema hapa hapa kabla hatujafika nyumbani. Kadi yako iko kwa Biubwa. Najua tangu Pasaka."

Isdory alihamisha begi bega la pili.

"Nilikaa kimya ili uniambie mwenyewe. Kila usiku nikasema leo ataniambia. Iliniuma sana, nisikufiche. Lakini huko Muleba, nikimwuguza mama, nikawaza: huyu ni mume wangu, na akizama tunazama wote na mtoto. Basi nimelitafutia dawa."

"Dawa gani?"

Laurencia aligeuka. Nyuma yake alikuwa amesimama bwana mmoja mnene mwenye kofia nyeupe na mkoba wa ngozi, anajipepea kwa gazeti.

"Huyu ni Kaka Mfaume. Ndiye ananiuzia nyuzi kule Mbagala, na anakopesha watu anaowaamini. Amekubali kunipa fedha ya kumaliza deni lote la kadi yako, tulipe kidogo kidogo kwa kazi ya mikono yangu. Fedha anayo hapo. Tunakwenda kwa Biubwa leo leo, tunamaliza."

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Isdory naye miguu ilianza kuwa myepesi. Kadi, mshahara wake mwenyewe, mkewe aliyejua na bado kashuka na senene. Machozi yalimlengalenga na hakuyazuia.

"Mama Victoria, sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Ila Kaka Mfaume ni mfanyabiashara, hawezi kutoa hivi hivi. Nimemwekea cherehani yangu dhamana. Anataka aione kwa macho yake kwanza, ndipo afungue mkoba. Ndiyo maana amepanda boti."

"Shikamoo kwa mwalimu hakuna, tunalingana," alisema Kaka Mfaume, akimpa mkono kwa bashasha. "Nimesikia ni mashine nzuri sana. Boti inarudi kesho, basi leo hii nataka niiangalie cherehani tu, niiwashe, nisikie mlio wake."

Msomaji, pima mwenyewe. Fedha ya kumlipa Biubwa ipo kwenye mkoba wa Mfaume. Mkoba haufunguki mpaka ionekane cherehani. Cherehani ipo nyumbani kwa Biubwa, imefunikwa kanga, na haitoki mpaka Biubwa alipwe.

"Ipo salama?" aliuliza Laurencia.

"Ipo salama," alisema Isdory. "Haina vumbi hata chembe."

Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuwahi kuona ukweli mzito namna hiyo. Ule uongo wa fundi na waya ulimjia tena mdomoni, umetulia, uko tayari. Juu ya gati Taufiki alikuwa bado amekaa kwenye pikipiki, anamwangalia. Isdory akakumbuka Bi Mwanamkuu na ushungi wake, na lile alilosema kuhusu siku ya kujua.

"Basi twendeni nyumbani," alisema Laurencia. "Jua kali."

Isdory hakusogea. Aliushika mkono wa mkewe. Alitaka kusema wazi, kwa neno lililonyooka, mara moja. Mdomo ukafunguka, na lililotoka ndilo pekee lililokuwa limezoea njia siku nzima.

"Kwa mfano, Mama Victoria," alisema.

Laurencia aliweka kopo la senene chini polepole, akakunja mikono.